KUCHOKA NA KUCHOSHWA: MANENO YA UCHOVU KATIKA KISWAHILI CHA NAIROBI

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana na matumizi ya kitenzi choka, pamoja na baadhi ya maneno yaliyo jirani yake, kama yasikikavyo katikati ya jiji la Nairobi na katika vitongoji vya magharibi: Westlands, Kangemi, Lavington na Kawangware. Huko Kiswahili na Kiingereza hukutana kila siku jikoni, kituoni na zahanatini, na neno la uchovu ni miongoni mwa yale ambayo lugha hizo mbili hudhani zinaelewana kumbe hazielewani.

Yafaa kuanza na sarufi. Choka ni kitenzi cha hali. Anenaye "nimechoka" hasemi kwamba yeye ni kitu fulani. Asema jambo limekwisha kumpata na athari yake ingalipo. Uzito wote umebebwa na kiambishi -me-. "Ninachoka" lina maana nyingine, kwamba uchovu ndio kwanza unaingia, au kwamba humjia msemaji kwa desturi. Kiingereza hutumia kivumishi, "tired", kikitanguliwa na kitenzi kishirikishi. Ndipo kijana wa Westlands akasema "niko tired".

Wako walimu wanaoilaumu lugha ya mama kwa umbo hilo. Lawama hiyo haina msingi. Mkikuyu husema "nĩndanoga", Mjaluo husema "aol", na yote mawili ni vitenzi vyenye alama ya nafsi, sawa kabisa na "nimechoka". Kilichotokea ni kwamba -ko, ambayo asili yake ni ya mahali, imepanuliwa Nairobi hata ikabeba hali pia ("niko sawa", "niko mgonjwa"), na kivumishi cha Kiingereza kikakuta kiti kitupu kikakikalia.

Huenda mtu akauliza kwa nini kijana huyo asitumie kivumishi cha Kiswahili, yaani -chovu, kilichotokana na choka kwa mabadiliko yale yale yaliyozaa wokovu kutokana na okoka. Sababu ni kwamba -chovu kina pande mbili: aliyechoka na anayechosha. "Mwalimu mchovu" aweza kuwa mwalimu aliyefundisha kutwa nzima, lakini wanafunzi watakaolisikia neno hilo watacheka, maana wao wataelewa upande wa pili.

Jambo lenye utajiri zaidi ni kile kinachokifuata kitenzi. "Nimechoka kwa kazi" hutaja sababu: mwili umefanya kazi, nguvu zimepungua, na usingizi utazirudisha. "Nimechoka na kazi" huelekea kwingine. Hapa kazi si chanzo cha udhaifu wa mwili bali ni mzigo ambao msemaji hautaki tena, na usingizi hautamsaidia. Maana hiyo ya pili ndiyo ibebwayo waziwazi na "nimechoshwa na kazi", ambapo na humtaja mtenda kama ilivyo kawaida baada ya kauli ya kutendwa. Mpaka huo, hata hivyo, haukujengwa kwa mawe. Nairobi husema "pole na kazi" pasipo kumaanisha kwamba kazi imechukiwa, na huko na husimama mahali pa kwa. Kitenzi-jina nacho huleta utata wake: "nimechoka kutembea" yaweza kuwa habari ya miguu au habari ya moyo, ilhali "nimechoka kungoja", kauli ya mtu aliyeketi Jeevanjee Gardens tangu asubuhi akitazamia kibarua, haiwezi kuwa habari ya miguu.

Utata huu una gharama. Mfanyakazi wa nyumbani akaaye Kawangware na kufanya kazi Lavington akisema jioni, "Mama, leo nimechoka," anaomba kupumzika. Mwajiri aliyezoea Kiingereza cha Kenya, ambamo "I am tired" mara nyingi hutamkwa kwa maana ya kushindwa kuvumilia, aweza kusikia kwamba msichana anataka kuacha kazi. Zahanatini hatari ni kubwa zaidi. Mgonjwa asemaye "nimechoka" huenda ametembea mbali tu. Asemaye "mwili umechoka", akiuweka mwili mahali pa mtenda kana kwamba ni kitu kando yake, huenda anaeleza udhaifu usioondoka kwa kulala, kama ule wa upungufu wa damu au kifua kikuu. Tabibu akiandika "tired" kwa kauli zote mbili, tofauti aliyoitoa mgonjwa kwa kubadili kiima imepotea kabla ya kupimwa. Swali moja tu lingeiokoa: umechoka kwa nini, au umechoka na nini?

Katika uwanja wa siasa kitenzi hiki hakihitaji hata kiunganishi. Mwezi Juni 2024, vijana walipojaa katika barabara za katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha, kilio cha "tumechoka" kilisikika vinywani mwa watu ambao kwa mwili hawakuonyesha dalili yoyote ya uchovu.

Vitu navyo huchoka. Gari bovu na nguo iliyopauka "zimechoka", pale ambapo Kiswahili sanifu kingependelea chakaa. Kutoka hapo matumizi yamerudi tena kwa binadamu, na "amechoka" ikawa pia sifa ya mtu asiye na fedha. Dar es Salaam husema "choka mbaya" kwa maana iyo hiyo.

Yabaki maneno ya kupima kiasi. Mavune ni maumivu ya viungo baada ya kazi nzito, neno zuri ambalo wakaazi wa Nairobi wamelisahau ijapokuwa hali yenyewe hawajaisahau. Taabu lina historia ya ajabu kidogo: katika Kiarabu asili yake ni uchovu wenyewe, na Kiswahili kimeligeuza kuwa shida na dhiki. Ndugu yake taabani alikuwa mtu aliyechoka tu. Mgonjwa wa Kiswahili aliye taabani yu karibu na kufa. Waswahili walipomwunganisha na hoi kwa bin, hoi bin taabani, walimpa uchovu wa kupindukia jina la mtu pamoja na la baba yake.