Wakisema umekonda: namna ya kuendelea bila kuacha njiani

Kuko maneno yenye mwanamuke wa Kolwezi akianza kupunguza uzito anayasikia hata mbele ya kufikisha kilo ya tatu. «Mama, unasumbuka na nini?» «Bwana hakupatie tena franka ya chakula?» Na ile ingine yenye inasemwa kwa sauti ya chini, nyuma ya mugongo: «Amekonda vile, labda ni ule ugonjwa.»

Watu wengi wanasema kwamba mama akiacha mazoezi ni uvivu. Sisi wenye tunatembea pamoja kila siku ya posho, tunaona mambo ingine. Wengi wanaacha juu ya yale maneno. Mama mumoja wa upande wa Manika alipunguza kilo sita, tansio yake ikaanza kushuka, kiisha kwenye kilio cha ndugu ya bwana yake mashangazi watatu wakamuzunguka kumuuliza ni dawa gani anakunywa na ni tangu wakati gani anagonjwa. Tangu siku ile alianza tena kula bukari mara mbili ya mbele, ili watu wamwache na amani.

Hatuwezi kuwakasirikia sana wale mashangazi. Inchi yetu ya shaba ilitufundisha kusoma mwili vile mutu anasoma karatasi ya mushahara. Tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mufanyakazi alikuwa anapata posho: unga, samaki, mafuta. Hata leo siku ya sita tunaiita siku ya posho. Bibi mwenye mwili alikuwa ushahidi kwamba bwana iko na kazi na posho inafika nyumbani. Kiisha mugodi wa Kamoto ulianguka katika mwaka wa 1990, mishahara ikakosekana miezi na miezi, na katika mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka katika kazi kwa mara moja. Kukonda kwa ile miaka kulikuwa njaa. Na kwa ile miaka tena, kukonda kulikuwa SIDA, na hapakuwa dawa. Mama mwenye alipita mule anaogopa kumuona binti yake akipungua. Ni mapendo, lakini ni mapendo yenye haijapima tansio.

Kwa sababu vitu vimebadilika. Leo katika karibu kila mutaa kuko mama mwenye alianguka, upande mumoja wa mwili ukakufa, na watu wanasema alirogwa. Mara nyingi ilikuwa tansio yenye ilikaa juu miaka mingi bila kupimwa. Tansio haiumi. Sukari katika damu nayo inaweza kukaa wakati murefu bila kuuma. Wanganga wanasema mwanamuke mwenye kiuno kinapita santimetre 80 anaanza kuingia katika hatari, na kikipita 88 hatari inakuwa kubwa. Mutu hahitaji mizani kwa kujua ile; kipimo cha mushonaji kinatosha. Simama, pumua nje, zungusha kipimo kati ya mbavu ya mwisho na mufupa wa juu wa nyonga, juu ya ngozi, hapana juu ya kikwembe.

Na hapa kuko habari nzuri yenye tunataka kila mama aisikie: hauombwi kurudia mwili wa siku ya ndoa. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, ile asilimia 5, tansio na sukari yake inaweza kuanza kusikia. Kule Marekani, uchunguzi wenye ulitangazwa katika mwaka wa 2002 ulifuata watu zaidi ya 3,000 wenye sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Wale wenye walifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma, kwa kusaidiwa na mutu wa kuwafuata, ugonjwa wa sukari uliwapungukia kwa asilimia 58 kuliko wale wenye hawakupata ile musaada. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano kwa juma. Si mambo ya wachezaji wa TP Mazembe.

Sasa hamu. Kila mutu iko na hamu juma la kwanza. Juma la pili ingali. Kwenye juma la sita ao la nane mizani inasimama, na mama anasema «mwili wangu ni vile, Mungu aliniumba mukubwa». Mwili haujakataa. Umeona kwamba chakula kimepungua, na kwa sababu haujui tofauti ya njaa ya vita na mazoezi ya chama, unaanza kuchunga akiba: unaongeza njaa, unachoma kidogo. Ni wakati ule mama anahitaji kitu kingine chenye kinamuambia kwamba anaendelea mbele. Kwetu hapa hataipata katika midomo ya jirani. Pahali pengine mutu akipungua wanamusifu, kwetu wanamuhurumia. Kwa hiyo tusingojee sifa. Tuandike namba zetu sisi wenyewe.

Ni pale likelemba ilitusaidia. Kila mama hapa anajua likelemba: haungoji kujisikia vizuri ili utoe franka yako. Siku imefika, unatoa, juu wenzako wanakungojea. Tulichukua ile akili tu. Tuko wanane kwa kikundi, hapana zaidi, juu wakiwa makumi mbili mutu anaweza kukosa na hakuna mwenye anaona. Kila mumoja iko na daftari ndogo na anaandika mambo tatu: kiuno, tansio mara moja kwa mwezi, na siku ngapi alitembea. Uzito, mwenye kutaka anaandika. Hakuna kutaja kilo za mwenzako mbele ya watu, hata kwa kucheka. Na mwenye anakosa mara mbili, wawili wetu wanaenda kumutembelea nyumbani, vile tunafanya kwa mugonjwa. Mara nyingi tunakuta si uvivu. Tunakuta mutoto iko na malaria, ao bwana amekataza.

Juu ya bwana, tunasema wazi: afazali ajue tangu siku ya kwanza. Tulipoanza kumupelekea bwana karatasi ya tansio ya bibi yake mbele ya kumuambia juu ya kupunguza uzito, mabishano yalipungua sana. Mwanaume wa mugodi anaelewa namba. Mama-mukwe vilevile: mwambie «munganga ameniomba», na umuonyeshe karatasi. Ni jibu lenye linafunga maneno kwenye kilio pia.

Chakula, hatutaki kuandika murefu, juu hakuna mama wa Lualaba mwenye ataacha bukari, na hakuna sababu aiache. Shida iko katika kipimo chake na katika vyenye vinaizunguka. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ikuwe ya ngazi ao ya duka, kinaleta kalori karibu 120. Hesabu vijiko vyenye vinaingia katika sombe ya jioni moja. Sombe yenyewe haina ubaya, na lengalenga na matembele ni vizuri zaidi vikipikwa na mafuta kidogo na nyanya. Samaki wa Thomson anaweza kuchemshwa ao kuchomwa kwa makala. Si lazima aogelee katika mafuta. Sukre ndiyo mwizi mukubwa: chupa moja ya santilitre 33 iko na sukari karibu gramu 35, na OMS inaomba mutu mukubwa asipite gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Mwenye anakula na watoto katika sahani moja hajui amekula kiasi gani. Ajiwekee yake kando. Hata kama watu watasema anajivuna.

Kutembea kwetu kuko na shida yake. Barabara ya makamyo ya madini, vumbi yake si ya kupumua, na giza ya asubuhi si salama kwa mwanamuke peke yake. Kwa hiyo tunatoka jua likisha kuonekana, tunapita ndani ya mitaa, na wakati wa kiangazi, vumbi ikiwa nyingi, tunazunguka kwenye uwanja wa kanisa. Mama mwenye analima shamba lake kwa jembe, ao anabeba maji kutoka mbali, asijidanganye kwamba hafanyi kitu. Aandike katika daftari, ile ni kazi ya mwili. Mwenye anauzisha kwenye soko na kukaa saa kumi juu ya kiti, yeye ndiye tunamuomba zaidi asimame.

Kuko jambo lenye linatuumiza. Wakati sisi tunatembea, katika soko wanauzisha vidonge vya kunenepesha kwa wasichana wenye wanataka mashavu na makalio. Mara nyingi ni deksametazoni ao siproheptadini. Ya kwanza ni dawa kali ya hospitali. Ikikunywiwa bila munganga inaweza kupandisha sukari na tansio, na kuregeza mifupa. Mwenye anaikunywa tangu wakati murefu asiiache kwa gafula, juu ile nayo ni hatari: aende kwa munganga aseme ukweli, ili aipunguze polepole. Tunaomba kila mama aongee na binti yake juu ya ile.

Kuko tena wenye hawapaswe kuanza sasa: mwenye mimba, na mwenye kunyonyesha mutoto mudogo, bila kwanza kuuliza kwenye kituo cha afya. Mwenye anakunywa dawa za sukari ao za tansio aambie munganga wake, juu kipimo cha dawa kinaweza kubadilishwa kadiri anapungua. Na mutu mwenye anakonda bila kutafuta, hali chakula kidogo wala hatembei, lakini nguo zinamulegea, yule si wa kusifu wala wa kusengenya. Tumupeleke akapimwe kifua kikuu, sukari na SIDA. Zote zina dawa leo.

Siku ya posho yenye inakuja tunakutana pahali pa siku zote, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Munganga wetu atakuja na mashine ya tansio. Lete daftari, kipimo cha mushonaji kama uko nacho, na viatu vyenye haviumi. Kapa zinatosha. Vikundi viwili vingali na nafasi, kimoja cha Dilala na kimoja cha Manika. Mama mwenye aliacha anaweza kurudia bila kueleza sababu.