Kaya, Kombe na Degedege

Ukitoka Diani kuelekea kusini utafika Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ambao wazee hawamruhusu mgeni kuuingia bila ya kujifunga kitambaa cheusi. Mwaka 2008 UNESCO iliutia, pamoja na kaya nyengine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia. Wadigo wengi ni Waislamu, na mzee aliyeomba kayani asubuhi huenda adhuhuri ukamkuta safu ya mbele msikitini.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka wazee wetu. Miko ya kaya imehifadhi miti ambayo kwengineko imemalizwa na shoka, na kuchunga msitu si dhambi. Lakini kumuomba Mola na kuwaomba koma ni mambo mawili, hata yakifukiziwa ubani mmoja.

Mchanganyiko huu umo pia majumbani mwetu. Mganga wa kitabu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaiosha kwa marashi, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe, na wanazuoni wamebishana juu yake kwa urefu. Mwenzake wa pepo hupiga ngoma na kutaka kuku. Mama aliyehangaika hupita kwa wote wawili, na ni nani asiyemfahamu?

Linalotutia hofu ni degedege. Wengi hudai ni nyuni, na mtoto hufukizwa huku homa ikipanda. Huweza kuwa malaria iliyofika kichwani, na hiyo haingoji ngoma iishe. Kina mama, msomeeni Al-Falaq na An-Nas njiani, mkielekea Hospitali ya Msambweni.