Kuandaa Baiskeli ya Gurudumu Moja na Mwendeshaji Wake kwa Majira ya Baridi: Mfano wa Minneapolis, Marekani

1.0 Utangulizi

Baiskeli ya gurudumu moja haina usukani, na katika aina zake za kawaida haina mnyororo, gia wala breki. Mikono ya pedali imefungwa moja kwa moja kwenye habu, hivyo gurudumu likizunguka miguu nayo haina budi kuzunguka. Makala hii inafafanua namna chombo hiki na mwendeshaji wake wanavyoandaliwa kwa safari za kwenye theluji na barafu.

Mfano uliochaguliwa ni jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Wastani wa joto la Januari huko ni takribani nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na bado kuna watu wanaoendesha baiskeli mwaka mzima. Njia ya Midtown Greenway, yenye urefu wa takribani kilomita 9 na iliyopitishwa katika mkondo wa reli ya zamani, huondolewa theluji wakati wa baridi. Aidha, katika kitongoji jirani cha Bloomington ndipo yalipo makao ya kampuni inayomiliki chapa za Surly na 45NRTH. Baiskeli ya Surly iitwayo Pugsley, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na tairi za upana wa karibu inchi 4, ilichangia sana kuzifanya tairi nene zipatikane madukani; chapa ya pili hutengeneza tairi zenye misumari.

Maelezo mengi kuhusu uendeshaji wa majira ya baridi huanza na mavazi. Hoja ya makala hii ni kwamba, kwa gurudumu moja, mpangilio huo umegeuzwa. Maandalizi yaanzie pale tairi linapogusa ardhi, kisha pale unyayo utakapotua mwendeshaji akianguka, mavazi yafuate.

2.0 Eneo moja la mguso

Katika baiskeli ya kawaida, gurudumu la nyuma likiteleza, la mbele huweza kushikilia uelekeo kwa muda wa kutosha mwendeshaji kujirekebisha. Kwenye gurudumu moja, eneo lile lile dogo la mpira husukuma, hupunguza mwendo, hugeuza na, zaidi ya yote, hurejesha gurudumu chini ya mwili. Mwendeshaji hadumu wima kwa sababu ametulia. Kila mara anaelekea kuanguka kidogo, na gurudumu hulifuata anguko hilo. Msuguano ukitoweka, gurudumu haliwezi tena kumfuata.

Ukubwa wa eneo hilo unaweza kukadiriwa. Mwendeshaji na chombo chake wakiwa na jumla ya kilo 85, na tairi likiwa na shinikizo la baa 2, eneo la mguso huwa takribani sentimita za mraba 42. Likipunguzwa hadi baa 1, eneo huongezeka karibu maradufu. Hiyo ndiyo sababu ya kupendelea tairi nene lenye upepo mdogo kwenye theluji laini: uzito husambaa, na tairi halizami sana.

Hata hivyo, upepo mdogo una gharama ambayo waendeshaji wa magurudumu mawili hawaihisi kwa kiwango hicho. Gurudumu moja hugeuzwa kwa kuzungusha nyonga, na tairi hujipinda juu ya eneo lake la mguso. Kadiri eneo hilo linavyopanuka, ndivyo tairi linavyokataa kugeuka, na ndivyo mteremko mdogo wa pembeni mwa barabara unavyolivuta chombo upande mmoja. Mwendeshaji aliyelegeza tairi kupita kiasi hupigana nalo njia nzima. Kwa maoni ya mwandishi, kosa hili huwachosha wageni wa theluji kuliko baridi yenyewe.

Jambo jingine linalosahaulika ni athari ya joto kwa upepo. Tairi lililojazwa hadi baa 2 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 hubaki na takribani baa 1.6 likipoa nje hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, bila kuvuja hata kidogo. Kipimo kifanyike nje, baada ya tairi kupoa.

3.0 Misumari na mahali pake

Unene wa tairi hausaidii sana juu ya barafu ngumu. Hapo kinachohitajika ni misumari midogo yenye ncha ya kabaidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu kiasi cha kuchimba barafu bila kuisha upesi. Hali hatari zaidi Minneapolis si ya Januari kavu bali ya siku za mwisho wa baridi, ambapo theluji huyeyuka mchana na maji yake kuganda usiku. Barafu hiyo huwa angavu kiasi cha kufanana na lami iliyolowa, na inapokaribia nyuzi sifuri huwa na utando wa maji unaozidisha utelezi.

Tairi nyingi za bei nafuu huwa na misumari pembezoni tu, kwa kuwa baiskeli ya kawaida huinama inapokata kona. Baiskeli ya gurudumu moja hubaki karibu wima hata ikigeuka, hivyo misumari ya pembezoni hugusa barafu mara chache mno. Mnunuzi atafute tairi lenye misumari karibu na mstari wa katikati, pande zote mbili. Apime pia nafasi iliyopo kati ya tairi na uma wa fremu, kwani misumari huongeza milimita kadhaa, na theluji inayoshikamana na tairi nayo inahitaji pa kupita. Kilomita 40 hadi 50 za mwanzo ziendeshwe juu ya lami, bila kugeuka kwa nguvu mahali pamoja, ili misumari ikae sawasawa kwenye mpira.

Mikono mirefu ya pedali, kwa mfano milimita 150 badala ya 125, humwezesha mwendeshaji kuongeza na kupunguza nguvu taratibu. Breki, kama ipo, isitegemewe juu ya barafu.

4.0 Unyayo

Kinga ya kwanza ya mwendeshaji wa gurudumu moja ni uwezo wa kuruka na kutua kwa miguu. Kwenye barafu kinga hiyo hupungua, kwa sababu miguu inayotua nayo huteleza. Hivyo kiatu kina kazi mbili zinazopingana. Meno ya chuma yanayofungwa chini ya soli hushika barafu vizuri, lakini juu ya pedali ya chuma huteleza kama chuma juu ya chuma. Suluhisho linalofaa ni soli ya mpira laini usiokakamaa katika baridi, pedali ya plastiki yenye pini, na meno yawekwe kisiginoni peke yake, kwani sehemu inayokaa kwenye pedali ni ya mbele ya unyayo. Pedali ya plastiki ina faida nyingine: haifyonzi joto la mguu kwa kasi ya aluminiamu.

Anayeanguka nyuma hutanguliza mikono. Kinga ngumu za vifundo vya mikono zivaliwe chini ya glavu, pamoja na helmeti na kinga za magoti. Kifundo kilichovunjika kilomita 5 kutoka nyumbani, katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, si jeraha la mkono tu. Mtu aliyelowa jasho na kusimama ghafla hupoteza joto haraka.

5.0 Mavazi

Kwa kuwa gurudumu haliruhusu miguu kupumzika hata kwenye mteremko, mwili huzalisha joto muda wote. Mwendo nao ni mdogo. Kwa kanuni ya upepo na baridi iliyoanza kutumiwa na Kanada na Marekani mwaka 2001, joto la nyuzi 15 chini ya sifuri huhisiwa kama 25 chini ya sifuri katika upepo wa kilomita 25 kwa saa, lakini kama 22 katika upepo wa kilomita 12. Mwendeshaji huyu basi hukabiliwa zaidi na jasho kuliko upepo. Avae sufu nyembamba mwilini na koti linalozuia upepo lenye zipu za kupitisha hewa, na aanze safari akihisi baridi kidogo. Pamba isivaliwe karibu na ngozi, kwa kuwa hukaa na unyevu. Mahali ambapo hakuna breki ya kushika, glavu zisizotenganisha vidole hufaa kuliko zenye vidole.

Kwa kukosa usukani, taa ya mbele hufungwa kwenye helmeti na ya nyuma chini ya kiti, juu kidogo ili isizibwe na theluji inayorushwa na tairi. Chumvi inayomwagwa barabarani hula spoku na beringi za habu. Chombo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kabla ya kuhifadhiwa, na grisi ya beringi ibadilishwe kwa ile isiyoganda, vinginevyo gurudumu litakuwa zito asubuhi kabla ya mwendeshaji kupata joto la miguu.