Njia Zisizojua Honi: Vinara wa Changarawe, Pwani na Msitu

Mwendesha baiskeli wa kwetu hujifunza kusikia kwa mgongo. Kwa mlio tu anajua kama nyuma yake ni bodaboda, daladala au lori la mchanga, na anajua wakati wa kuiachia lami na kuingia majanini kabla hajapigiwa honi. Mimi nilichelewa mara moja, kwenye barabara kuu ya kwenda Tanga. Lori lilinipita limeacha nafasi ya kiganja, usukani ukacheza, nikajikuta mtaroni na goti linavuja damu. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya habari za njia ambazo magari hayana nafasi: njia za changarawe zinazokata misitu na kufuata pwani, ambako mlio mkubwa ni wa tairi likisaga kokoto. Hizi hapa zilizotia fora, kila moja kwa sifa yake.

Ndefu kuliko zote hapa: Munda Biddi, Australia

Inaanzia Mundaring, karibu na Perth, na kuishia Albany, mji wa bahari ya kusini. Ni zaidi ya kilomita 1,000, karibu sawa na safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Jina ni la lugha ya Wanoongar, wenyeji wa ardhi ile, na maana yake ni "njia ipitayo msituni". Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2004, na cha mwisho mwaka 2013. Humo ndani utapishana na jamii za mikaratusi: jarrah kwanza, halafu karri inayoweza kupita mita 70 kwenda juu, kisha tingle yenye mashina mapana yaliyotobolewa na moto, mpaka pua ipokee harufu ya chumvi.

Mtihani wake ni changarawe yenyewe. Ni ya mviringo, ndogo kama choroko, nayo imetapakaa juu ya udongo mgumu. Tairi huteleza juu yake kama mguu juu ya mtama uliomwagika sakafuni. Wazoefu hupunguza upepo kwenye matairi, hulegeza mikono, na hawakamati breki ya mbele ghafla. Jioni huwasubiri banda lenye mbao za kulalia na tangi la maji ya mvua.

Ndefu kuliko zote za reli ya zamani Marekani: Katy Trail, Missouri

Bahari iko mbali, ila mto Missouri unakufuata sehemu kubwa ya kilomita 386, majabali ya chokaa upande mmoja na miti ya bondeni upande wa pili. Treni ziliacha kupita mwaka 1986. Tuta lilinusurika kwa sababu ya sheria inayoruhusu njia ya reli iliyoachwa ihifadhiwe, endapo treni itahitajika tena siku moja, na wakati huo huo itumiwe na watu. Sheria hiyo ndiyo iliyozuia tuta lisikatwe vipande na kurudi kuwa mashamba.

Yenye kona nyingi na mlima mdogo: Confederation Trail, Kanada

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1871 serikali ya Kisiwa cha Prince Edward ilianza kujenga reli. Wakandarasi walikubaliana kulipwa kwa kila maili, na mkataba haukuweka kikomo cha urefu. Kilichofuata mtu yeyote wa kwetu angekitabiri: reli ilizunguka kila kilima na kila bwawa, ikajipinda kama nyoka aliyeshiba. Deni likakielemea kisiwa, na mwaka 1873 kikajiunga na Kanada, ambayo ililichukua deni hilo.

Treni ya mwisho ilikwenda zake mwaka 1989. Leo kona zile zile zimegeuka neema. Kutoka Tignish hadi Elmira ni kilomita 273 za kokoto laini iliyoshindiliwa, na ukijumlisha matawi yake unapita 400. Kwa kuwa treni haiwezi milima mikali, mwinuko hauzidi asilimia 2, yaani mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo. Mtoto wa miaka minane na bibi yake wanaweza kwenda pamoja, katikati ya vichaka, mashamba ya viazi na ghuba za bahari, bila mmoja kumsubiri mwenzake.

Yenye tuta kongwe: Camel Trail, Uingereza

Jina halimhusu ngamia. Camel ni mto wa Cornwall. Reli ya Bodmin na Wadebridge ilifunguliwa mwaka 1834, miongoni mwa reli za mwanzo za mvuke nchini humo, na moja ya kazi zake ilikuwa kupeleka mchanga wa pwani bara ili ukarutubishe mashamba. Mizigo ya mwisho, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ilikoma mwaka 1983. Sasa ni kilomita 29 hivi. Unaanzia bandari ya Padstow, unaambaa na mlango wa mto ambako maji yakitoka hubaki matope na ndege wa pwani, unapita mitaa michache ya Wadebridge, kisha unaingia chini ya miti mpaka Wenfordbridge.

Yenye mvua nyingi: West Coast Wilderness Trail, New Zealand

Hokitika, mji uliomo njiani, hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, mara mbili ya Mombasa na ziada. Njia hii ya Greymouth hadi Ross, kilomita 130 na kitu, inafuata ufuo, mifereji na matuta ya reli ya miaka ya dhahabu, ndani ya msitu wenye makangaga marefu kama watu.

Iliyofufuka: Myra Canyon, Kanada

Kilomita 12 tu, lakini zina madaraja 18 ya reli juu ya makorongo. Mwaka 2003 moto wa msitu uliteketeza 12 kati yake, yote ya mbao. Ingekuwa rahisi kusema basi. Badala yake madaraja yalijengwa upya, na mwaka 2008 njia ikafunguliwa tena.

Yenye msitu mkubwa wa pwani uliobaki Afrika Mashariki: Arabuko-Sokoke, Kenya

Kilomita za mraba 420, kati ya Kilifi na Malindi. Gari la doria huonekana, ila malori hayana shughuli humo. Wageni huingia kwa miguu au kwa baiskeli, na ni vema kuwa na mwongozaji kwa sababu tembo wapo. Msitu hujitambulisha kwa rangi ya ardhi. Kwenye miti ya mrihi unakanyaga mchanga mweupe unaomeza tairi; ukielekea magharibi udongo unageuka mwekundu na kushikana, na pedali zinakuwa nyepesi. Upande wa bahari kuna magofu ya Gede na mikoko ya Mida. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewapa majirani wa msitu kazi ya kufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza nje, na hivyo sababu ya mkononi ya kuuacha msitu usimame.

Inayosubiri bado kufanywa njia: Sigi, Muheza

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli nyembamba, sentimita 75 kwa upana, kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani katika Usambara Mashariki. Ilikuwa na kilomita 23, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao. Treni haiko tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ipo hadi leo langoni mwa hifadhi, ikipokea wageni.

Nilikwenda huko kwa baiskeli kutoka Muheza, kwa barabara ya vumbi. Njiani nilimkuta kijana anateremka na gunia la mdalasini lililofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli yake. Hakuwa ameipanda, alikuwa akiisukuma. Alisema kwenye kona anashuka kila mara, kwa sababu fuso za mizigo haziangalii.

Nyuma ya kila njia niliyoitaja ng'ambo iliyokuwa reli, kuna watu walioamua kwamba tuta la treni iliyokufa ni mali ya wanaopita. La Sigi nalo litafutwe, lipimwe, lisafishwe na kumwagiwa kokoto. Watalii watakuja, na karibu sana. Ila wa kwanza nitakayependa kumwona juu yake ni yule kijana, amekaa kwenye tandiko lake, gunia nyuma, anateremka bila kugeuza shingo.