Mkasi Kwanza, Samadi Baadaye

Katika nyua nyingi za Mombasa, Tanga na Unguja utaukuta mti wa yasmini umejaa majani mabichi, matawi yamepanda ukutani hadi kwenye paa, lakini maua ni ya kuhesabika. Mwenye nyumba anaongeza samadi. Majani yanazidi, maua hayaji. Mmea wa namna hiyo hauna njaa. Umeshiba, na aliyeshiba hana haraka. Dawa yake ni mkasi.

Yasmini inayopandwa Pwani, ambayo wengine huiita asumini, kitaalamu ni Jasminum sambac, ya ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, na ndiyo hiyo hiyo iliyotangazwa kuwa ua la taifa la Ufilipino mwaka 1934. Kwa Waswahili kazi yake haihitaji maelezo marefu: hutungwa koja, hutiwa katika kikuba pamoja na rehani na mkadi, hutandazwa juu ya kitanda cha bibi harusi.

Ua la yasmini halitoki kwenye tawi kuukuu. Hutoka nchani mwa chipukizi la msimu huo huo. Ukilitazama tawi kwa karibu utaona majani yamekaa mawili mawili, yakielekeana, na katika kwapa la kila jani pana jicho dogo lililolala. Linalolilaza ni homoni iitwayo auksini, inayotengenezwa kwenye ncha ya tawi na kuteremka chini. Ncha ikikatwa, zuio hilo linaondoka na macho mawili yaliyo chini ya mkato huamka pamoja. Tawi moja limekuwa mawili, na kila moja litabeba kishada chake cha matumba, mara nyingi matatu, la katikati likitangulia kufunguka.

Tamil Nadu, kusini mwa India, hawana huruma katika jambo hili. Yasmini ya Madurai, iliyopewa hati ya alama ya kijiografia mwaka 2013, inatoka katika jimbo hilo, na ushauri ambao wakulima wa huko hupewa ni kukata kichaka chote wiki ya mwisho ya Novemba hadi kibaki na kimo cha sentimita 50 tu kutoka ardhini. Anayekiona siku hiyo atadhani kimeuawa. Kufikia Machi kinaanza kutoa maua.

Pwani ya Afrika Mashariki kalenda ni nyingine. Wakati unaofaa kukata kwa nguvu ni mwisho wa kusi, kabla ya mvua za vuli, ili machipukizi yaote kwa mvua na joto la kaskazi liyakute tayari kuchanua. Mkato uwe juu kidogo ya jozi ya majani, kwa mkasi wenye makali, na vijiti vikavu na vyembamba vilivyosongamana katikati viondolewe ili hewa na jua vipite. Kichaka chenye matumba kisiguswe, kisubiriwe kimalize.

Jua ni sharti la pili. Yasmini inataka walau saa sita za jua kamili kwa siku. Chini ya mwembe itarefuka kulitafuta jua, itatoa majani mapana, na maua yake yatakuwa machache. Mkilua ni tofauti: kichaka hiki cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambacho wataalamu wa mimea wanakiandika Mkilua fragrans, kimezoea kukua chini ya miti mikubwa, hivyo kivuli cha wastani hakikidhuru. Anayepanda vyote viwili uani aipe yasmini upande wa jua na mkilua ule wa mti.

Mbolea inakuja mwisho, tena kwa kipimo. Naitrojeni hujenga majani na mashina; ikizidi, mmea unaendelea kukua bila kujali maua. Yurea na samadi mbichi ya kuku zina naitrojeni nyingi. Afadhali mboji iliyooza vizuri, pamoja na mbolea ya dukani yenye fosforasi na potasiamu kwa kiasi cha kutosha. Wengi hupenda kutia majivu, na ni kweli yana potasiamu, lakini ardhi ya mawe ya matumbawe tayari ina chokaa nyingi, na majivu huiongeza hali hiyo. Hapo mmea hushindwa kupata madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Ukiiona rangi hiyo, acha majivu, ongeza mboji.

Yasmini hii ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo huenezwa kwa vipandikizi. Kipande cha sentimita 15 hivi, kisicho kichanga wala kigumu sana, huondolewa majani ya chini, kikachomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji na kuwekwa kivulini. Udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji, maana mizizi huoza upesi.

Kuchuma nako kuna saa yake. Tumba lililojaa na kuwa jeupe, lakini bado limefumba, huchumwa mchana au alasiri na kufunguka jioni hiyo hiyo likiwa kwenye koja. Lililo la kijani litanyauka bila kufunguka. Watengeneza chai wa Fuzhou, nchini China, wanategemea tabia hiyo hiyo: matumba huchumwa mchana, na yanapofunguka usiku huchanganywa na majani ya chai yakavute harufu. Mlangilangi una saa nyingine: huko Komoro, wanakoongoza duniani kwa mafuta yake, maua huchumwa alfajiri.

Wimbi moja la maua likiisha, kila ncha iliyochanua ikatwe juu ya jozi ya kwanza ya majani yenye afya, kichaka kimwagiliwe hadi maji yafike mizizini, na mboji kidogo itandazwe mbali na shina. Ndani ya majuma machache macho yale mawili yatakuwa yameshachipua.