Babu mfungwa hupatikana kwa bei nafuu

Mwizi wa kondoo aliyehukumiwa Lincolnshire, Uingereza, mwaka 1830 na kusafirishwa hadi Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa Tasmania tangu 1856, hawapi taabu wanaofuatilia nasaba yake. Karani wa serikali alimpima urefu, akaandika rangi ya macho, makovu, tatuu za mikononi, kazi aliyoijua na mahali alikozaliwa. Daftari hizo zimepigwa picha na sasa zinasomwa kwenye intaneti bila malipo. Jirani yake mwadilifu, aliyelipa nauli mwenyewe kwenda kuchimba dhahabu Victoria mwaka 1854, hakupimwa na mtu. Mara nyingi orodha ya meli imemwachia jina, umri na taifa tu: Mwingereza. Akiwa anaitwa John Smith, vilembwe wake wana kazi. Ugumu wa kumpata mtu kama huyo ndio unaolisha sehemu kubwa ya biashara ya kutafuta nasaba.

Wafungwa wapatao 162,000 walipelekwa Australia kuanzia Januari 1788, meli 11 za kwanza zilipofika, hadi Januari 1868, meli ya Hougoumont iliposhusha wa mwisho huko Fremantle. Kwa vizazi kadhaa familia nyingi zilificha habari hiyo. Mzee akiulizwa asili yake, alijibu kwamba baba yake alikuja kwa hiari na akaishia hapo. Siku hizi mwenye mfungwa kwenye ukoo hujitangaza. Huko Sydney ipo jumuiya ya wazao wa waliofika na meli zile za kwanza, iliyoanzishwa 1968, na anayetaka kujiunga sharti athibitishe nasaba yake kizazi kwa kizazi. Mwaka 2007 UNESCO iliingiza kumbukumbu za wafungwa wa Australia kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Lililokuwa aibu sasa lina wanunuzi.

Malighafi ya biashara yote hii imetengenezwa na serikali na kanisa kwa gharama zao. Parokia za Uingereza ziliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Usajili wa kiserikali wa vizazi na vifo katika Uingereza na Wales ulianza Julai 1837. Baadaye Maktaba ya Taifa ya Australia na Maktaba ya Jimbo la New South Wales zilituma watu Uingereza na Ireland wakapige picha nyaraka zinazoihusu nchi yao. Kazi hiyo ilianza 1948, ikamalizika 1997, na ikazaa filamu zaidi ya 10,000. Sasa zinapatikana bure kupitia Trove, mtandao wa Maktaba ya Taifa, pamoja na kurasa za magazeti ya zamani, mengi yakiwa ya kabla ya 1955. Makosa ambayo kompyuta hufanya ikisoma magazeti hayo husahihishwa mstari kwa mstari na wasomaji wa kujitolea, wengi wao wakiwa wenyewe wanawatafuta jamaa zao. Bado mwanzoni mwa 2023 Trove ilikaribia kukosa fedha za kujiendesha, hadi serikali ilipoahidi dola milioni 33 za Australia kwa miaka minne.

Linganisha fedha hizo na za upande wa pili. Mwaka 2020 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliinunua Ancestry, yenye makao jimboni Utah, kwa dola za Marekani bilioni 4.7. Mwaka uliofuata MyHeritage ya Israeli ikachukuliwa na Francisco Partners, wawekezaji wengine wa Marekani. Findmypast ya Uingereza iko chini ya DC Thomson, wachapishaji wa magazeti wa Dundee. Kwa sehemu kubwa kampuni hizi hazimiliki nyaraka zenyewe. Zinachomiliki ni faharasa na leseni ya kuonyesha picha. Sensa ya Uingereza ya 1921 ni mfano mzuri. Ilifunguliwa kwa umma Januari 2022 baada ya miaka 100, nyaraka ni za serikali, lakini mtandaoni zilitoka kupitia Findmypast, na mwanzoni msomaji alilipa pauni 2.50 kwa nakala iliyoandikwa upya na pauni 3.50 kwa picha ya karatasi halisi. Kazi ya kuzikarabati na kuzipiga picha ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini ni mlipakodi wa 1921 aliyegharimia sensa hiyo, na wajukuu wake ndio walioombwa pauni.

Yupo pia mshindani asiyeuza kitu. FamilySearch, ya Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, imekusanya nakala za nyaraka kutoka dunia nzima na kuziweka wazi bure, kwa sababu za imani: waumini wake hubatizwa kwa niaba ya mababu waliokufa, hivyo lazima wawajue. Mfanyabiashara wa kawaida angeogopa kushindana na taasisi ya namna hiyo, lakini kampuni hizi zimeona afadhali kushirikiana nayo.

Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyovutia fedha nyingi za wawekezaji, na ndivyo vilivyowaangusha baadhi yao. Kampuni ya 23andMe, iliyowahi kukadiriwa thamani ya takriban dola bilioni 6, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kujiendesha Machi 2025. Chanzo kimojawapo hakihitaji mtaalamu wa uchumi: mtu hupima mate mara moja maishani. Wizi wa data wa 2023, uliogusa wateja wapatao milioni 6.9, ulizidi kuichafua. Kampuni zenye daftari zina nafuu, kwa kuwa anayetafuta babu wa baba atataka pia babu wa mama, na ada hukatwa kila mwezi. Kwa mtafutaji, mate yanaweza kumtajia binamu aliyeko Kent. Jina la meli hayatamtajia.

Kwa Australia, kitu chenye thamani kuliko vyote ni cheti cha kifo. Nchi hiyo ilikuwa na desturi ya kuteketeza fomu za sensa zenye majina ili kulinda siri za watu, kwa hiyo mtafutaji aliyezoea sensa za Uingereza anafika Melbourne na kukuta pengo. Pengo hilo linazibwa na usajili wa koloni la Victoria ulioanza 1853, ambao uliuliza maswali ambayo London haikuyauliza. Cheti cha kifo cha Victoria kikijazwa vizuri kina majina ya wazazi wa marehemu, kazi ya baba yake, mahali alipozaliwa, miaka aliyokaa koloni, aliyemwoa na watoto wake wote. Cha Uingereza cha miaka hiyo hata wazazi hakiwataji, isipokuwa aliyekufa ni mtoto. New South Wales iliifuata Victoria mwaka 1856, na huko kumezuka mawakala walioidhinishwa wanaonakili cheti kwa maandishi na kuuza kwa bei chini ya cheti rasmi. Kwa utafiti nakala hiyo inatosha kabisa.

Ushauri wa ukurasa huu basi ni kuanzia mwisho wa maisha ya mtu na kurudi nyuma: cheti kimoja cha kifo kutoka Australia kabla ya kulipia uanachama wowote. Ukishajua kijiji na majina ya wazazi, ndipo uagize cheti cha kuzaliwa Uingereza, ambacho bei yake ilipanda Aprili 2024 kutoka pauni 11 hadi 12.50.

Watafiti wa kulipwa kwa saa wapo pande zote mbili. Wapo pia wawindaji wa warithi: mirathi ikikosa mwenyewe huko Uingereza, hukimbilia kutafuta jamaa wa marehemu, hata Perth au Brisbane, kisha hudai asilimia ya urithi. Asilimia hiyo ijadiliwe kabla ya kusaini.

Wateja wapya wa biashara hii hawatafuti mtu wa karne ya 19. Kuanzia 1945 Waingereza zaidi ya milioni moja walihamia Australia kwa msaada wa serikali, mtu mzima akilipa pauni 10 na mtoto akienda bure. Aliyetaka kurudi kabla ya miaka miwili alitakiwa kulipa gharama kamili. Orodha za abiria walioondoka Uingereza, zinazoanzia 1890, zinakomea 1960, na waliofuata watafutwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia. Kundi moja halipaswi kutozwa chochote: watoto waliopelekwa bila wazazi, baadhi wakidanganywa kwamba ni yatima. Shirika la Child Migrants Trust, lililoanzishwa Nottingham na Margaret Humphreys mwaka 1987, huwatafutia ndugu zao. Australia iliwaomba radhi Novemba 2009, Uingereza Februari 2010.

Wajukuu wa hao wa pauni 10 wana sababu ya kibiashara ya kutafuta vyeti. Uingereza hutoa viza ya nasaba ya miaka mitano, yenye ruhusa ya kufanya kazi, kwa raia wa Jumuiya ya Madola mwenye babu au bibi aliyezaliwa Uingereza. Mkenya au Mtanzania mwenye nasaba hiyo naye anaruhusiwa kuomba. Mfungwa wa 1830 hasaidii kitu hapa, yuko mbali mno. Vyeti vya kuzaliwa vya vizazi vitatu, babu, mzazi na mwombaji, vinatakiwa. Cha babu kinaweza kupatikana kwa pauni 12.50, lakini tozo ya afya, ya pauni 1,035 kwa mwaka, hulipwa ya miaka yote mitano kwa mkupuo, yaani pauni 5,175, na ada ya viza ni mbali.