Kuchora Kishale cha Kompyuta kwa Mfano wa DNA

Makala haya yana shabaha ya kuwaonyesha wanachuo jinsi picha ndogo inayocheza katika kompyuta inavyoweza kufundisha sayansi, na jinsi inavyoweza kuipotosha. Kishale ni alama inayofuata mwendo wa kipanya. Mtoto hukitazama muda wote wa kazi, wala hakuna anayemfafanulia. Kwa hiyo atakaloliona humo ataliamini.

Tuchukue mfano wa DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, waliotumia pia matokeo ya picha za eksirei za Rosalind Franklin. Umbo hilo ni kama ngazi iliyosokotwa: nyuzi mbili kandoni na vipago kati yake. Kila mzunguko mmoja una vipago takriban 10.

Kishale cha kawaida cha Windows huchorwa katika miraba 32 kwa 32, yaani nukta 1,024. Tukitenga safu 2 za juu ziwe ncha, zinabaki 30. Kila kipago kitapata safu 1, na nafasi ya safu 2 kabla ya kingine; hivyo mzunguko mmoja utaenea.

Kwanza, tuchore picha 8, kila moja ikizungushwa digrii 45 kuliko iliyotangulia, ili ya nane ifuatwe na ya kwanza bila kuruka. Pili, tupange muda. Muda wa kila picha huhesabiwa kwa sehemu ya 60 ya sekunde. Picha ikikaa sehemu 6, mzunguko mzima utachukua sekunde 0.8. Tatu, ncha isisogee, kwani nukta moja tu ndiyo inayolenga.

La nne ndilo zito zaidi. DNA ya kawaida husokotwa kulia: uzi ulio mbele hupanda kutoka kushoto kwenda kulia. Michoro mingi iliyochapishwa imekosea hapa, na kuipindua karatasi juu chini hakuondoi kosa. Rangi na unene twaweza kuvirahisisha. Upande wa msokoto hatuna ruhusa ya kuubadili.

Shule isiyo na kompyuta itumie karatasi 8 za miraba, zishonwe ukingoni na kufunuliwa haraka kwa kidole gumba. Kabla ya kupaka rangi, kila mwanafunzi afuatishe uzi wa mbele kwa kidole na kutamka unakoelekea.